Makaa ya vifuu yaweza kunasa dawa majini, lakini nani atalipa?

WAKULIMA wanaonyunyizia sukuma wiki kwa maji taka kandokando ya Mto Nairobi wamezoea kuulizwa kuhusu kipindupindu na risasi. Ni nadra waulizwe kuhusu dawa. Hapa sizungumzii dawa za kuua wadudu shambani, bali zile tunazomeza. Sehemu ya kila kidonge hutoka na mkojo, ikaingia katika mabomba ya maji taka au ikamwagika moja kwa moja mtoni.

Watafiti waliopima maji ya mto huo katika miaka ya 2010 walikuta humo viuavijasumu pamoja na dawa za kupunguza makali ya Ukimwi kama vile lamivudini na nevirapini. Aidha, utafiti wa mwaka 2022 uliopima mito 258 katika nchi 104 ulionyesha kwamba viwango vya juu zaidi viko Afrika kusini mwa Sahara, Asia Kusini na Amerika Kusini.

Je, dawa hizo hufika kwenye sahani? Nchini Israel, ambako karibu asilimia 90 ya maji taka husafishwa na kurudishwa mashambani, ilibainika mwaka 2016 kuwa watu waliokula mboga zilizokuzwa kwa maji hayo walikuwa na karbamazepini, dawa ya kifafa, katika mkojo wao. Kiasi kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na cha mgonjwa anayeitumia, kwa hivyo hakuna sababu ya mtu kuacha mboga. Wasiwasi mkubwa zaidi ni viuavijasumu, kwa kuwa vikikaa majini huwazoesha bakteria kutosikia dawa.

Dawa inayotajwa sana kwa tatizo hili ni makaa amilifu. Haya ni makaa ya kawaida, ya vifuu vya nazi kwa mfano, yaliyopitishwa mvuke katika joto la nyuzi 800 na zaidi hadi yakajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu ina eneo la ndani la mita mraba 500 hadi 1,500, na molekuli za dawa hunata kwenye kuta hizo. Ukisikia hivyo, na ukijua vifuu vinavyotupwa Kilifi na Kwale, ni rahisi kuona biashara.

Tupige hesabu kwanza. Mitambo ya Ulaya hutumia gramu 10 hadi 20 za unga wa makaa kwa kila mita ya ujazo ya maji. Kituo kinachopokea mita za ujazo 100,000 kwa siku kitahitaji tani 1 hadi 2 kila siku, Jumapili ikiwemo. Na hayo ni maji ambayo tayari yamesafishwa vizuri. Maji ya mabwawa yetu yamejaa mwani na uchafu mwingine unaogombea vitundu vile vile, kwa hivyo makaa zaidi yatahitajika. Kumbuka pia kwamba vifuu hupoteza karibu theluthi mbili ya uzito vinapochomwa kuwa makaa, kabla hata ya kupitishwa mvuke.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mitambo hawalitaji haraka. Makaa hushika karbamazepini vizuri, lakini sulfamethoksazoli huyaponyoka kwa urahisi. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya Septrin, ambayo kwa miaka mingi imemezwa kila siku na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika eneo hili. Mtambo uliobuniwa kwa ajili ya dawa za Wazungu hautatufaa vivyo hivyo.

Kisha ni suala la malipo. Uswisi, tangu mwaka 2016, hutoza hadi faranga 9 kwa mwaka kwa kila mkazi aliyeunganishwa na mfumo wa maji taka, na fedha hizo hulipia asilimia 75 ya ujenzi. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza Januari 2025 inataka watengenezaji wa dawa na vipodozi wabebe angalau asilimia 80 ya gharama, na mwaka huo huo kampuni za dawa zilikwenda mahakamani kuipinga. Kwetu, ada kama ya Uswisi ingemtoza mwenye bomba huku wakazi wengi wa Nairobi wakiwa hawana bomba lenyewe, na choo chao kikiishia mtoni bila kupita bwawa lolote.

Kwa maoni yangu, fedha za umma zingetangulia katika kuunganisha mitaa hiyo. Makaa yaanzie pale ambapo maji ni machache na dawa ni nyingi, yaani kwenye viwanda vya dawa na hospitali kubwa, mwenye kituo akilipa mwenyewe. Soko hilo ni dogo, lakini mfanyabiashara wa vifuu anaweza kulihudumia bila kusubiri zabuni ya serikali.

Kabla ya kumpa leseni, aulizwe makaa yaliyoshiba yatakwenda wapi. Ya chembechembe huweza kuchomwa upya na kutumika tena. Ya unga huishia katika tope. Uswisi huchoma tope lake, kwani ilipiga marufuku kulitumia kama mbolea katika miaka ya 2000. Hapa kwetu tope likikauka hupata wanunuzi, na wanunuzi hao ni wakulima.