Karatasi ya Mashahidi Haitoshi

Ni mara ngapi sisi viongozi wa jumuiya tumeitwa kushuhudia mauzo ya shamba? Muuzaji na mnunuzi huketi mbele yetu, fedha zikahesabiwa, karatasi ikaandikwa kwa mkono, nasi tukatia sahihi. Kisha chai hunywewa, na kila mtu akaenda zake akiamini kwamba haki imetendeka. Nathubutu kusema kwamba haijatendeka bado, na kwamba sehemu ya lawama ni yetu.

Hapa Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba hati ya kuhamisha ardhi haihamishi kitu mpaka iandikishwe. Karatasi yetu, basi, ni ushahidi wa mapatano tu. Katika daftari la msajili, shamba lingali la yule aliyeliuza. Tena, likiwa shamba la kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yataka idhini ya Bodi ya Ardhi iombwe katika muda wa miezi 6. Isipoombwa, mapatano huwa batili, na sheria hiyo humwachia mnunuzi kudai fedha zake tu. Naam, mahakama zimewahi kumwokoa mnunuzi wa namna hiyo. Lakini ni wangapi parokiani mwetu wawezao kumlipa wakili?

Tunayajua yafuatayo. Mnunuzi hujenga, hupanda miti, huzika wafu wake hapo. Baada ya miaka 20 muuzaji hufariki, na watoto wake hufungua shauri la mirathi. Katika orodha ya mali ya marehemu shamba lile limo, maana daftari lasema hivyo, na watoto hao pengine hawadanganyi. Hawakuwapo siku ile ya chai. Mnunuzi naye amekwisha kufa, na anayeletewa notisi ya kuhama ni mjane wake. Kati ya mashahidi, mmoja yu kaburini, wa pili amehamia mbali, na wa tatu ni mimi au wewe, ambaye hakumbuki hata mipaka.

Watu hawaandikishi kwa sababu ya gharama, nami siwalaumu kwa wepesi. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani mashambani na 4 mijini, mbali na mpimaji, ada na nauli. (Wengine hupoteza nauli hiyo kwa kwenda kwa gavana. Msajili wa ardhi yumo katika kaunti, lakini ni wa Wizara ya Ardhi.) Lililo gumu zaidi ni hati ambayo ingali katika jina la babu aliyekufa zamani. Hapo mjukuu hana cha kuuza mpaka mirathi ikamilike, nasi tusikubali kushuhudia anachokiita chake.

Wala sisemi kwamba daftari halina dhambi. Upimaji ulioanza miaka ya 1950 mara nyingi uliandika jina la mwanamume mmoja kwa ardhi ya ukoo mzima, na wengine wakageuzwa wageni kwao. Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2018 kwamba haki za kimila za jamaa zaweza kumfunga mwenye hati hata zisipoandikwa. Ni faraja, ila ilipatikana baada ya kesi ndefu.

Hivyo napendekeza kwamba asiwepo kiongozi wa jumuiya atakayetia sahihi kabla ya kuonyeshwa matokeo ya upekuzi kutoka kwa msajili na tarehe ya kwenda mbele ya Bodi. Mke wa muuzaji awepo, aulizwe kwa sauti, ajibu mwenyewe. Na mnunuzi mwenye mke tumwulize, kabla fomu hazijajazwa, kwa nini liandikwe jina moja.