Habari za nyumbani ni njema, ila...

Hapa kwetu Umoja tu wazima, ila mifereji imekauka tangu Alhamisi na maji tunanunua kwa mtungi. Umeona? Nimekwambia hatujambo, kisha nikaongeza "ila". Leo nataka tuzungumze juu ya kijineno hicho.

Jumatano jioni kitindamimba wangu, aliye mwaka wa pili chuo kikuu, alikuwa sebuleni akibonyeza simu. Alikuwa akiandikiana na rafiki yake waliyekua naye mtaani, ambaye sasa anasomea uuguzi Uingereza. Rafiki aliuliza, "Habari za nyumbani?" Binti yangu akajibu, "Njema sana!" akatia na kijipicha cha uso unaocheka. Nami nilijua, kama alivyojua yeye, kwamba nyanyake msichana huyo alikuwa amelazwa hospitalini juma zima.

Nilimuuliza kulikoni.

"Mamake amesema asiambiwe, Baba. Ana mitihani mwezi ujao."

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamsimulia kisa ambacho sijawahi kukiandika katika safu hii.

Mwaka 1996 nilikuwa nikiishi Changamwe, Mombasa. Sahibu yangu tangu shule ya msingi alikuwa baharia katika meli ya mizigo. Durban, Singapore, Rotterdam, kwake zilikuwa kama Kongowea na Likoni kwangu mimi. Mamake, jirani yetu, hakujua kusoma. Mimi ndimi niliyekuwa macho yake na mkono wake. Kila mwezi nilinunua aerogramu, ile karatasi nyepesi ya samawati iliyokunjwa ikawa bahasha yenyewe, tukaketi barazani, yeye akinena nami nikiandika. Barua ilipelekwa kwa wakala wa meli katika bandari ambako wangetia nanga.

Mama huyo alikuwa na mambo! Mdimu wa uani umezaa hadi matawi yanainama. Paka wa jirani amekula vifaranga wawili. Bati la jikoni linavuja pale pale palipozibwa. Nami, kwa kiburi cha kijana aliyesifiwa insha shuleni, niliona kwamba hayo ni ya kupoteza karatasi. Niliyaruka, nikaandika kwa Kiswahili kizito kwamba sote tu wazima wa afya, kisha nikaingia kwenye karo ya wadogo zake na bei ya unga.

Siku moja aliniambia, "Mwandikie kwamba sijambo, ila kifua chanisumbua usiku." Nilipokwenda kutafuta kalamu nyingine, kaka mkubwa wa rafiki yangu alinivuta kando. "Hilo la kifua liache. Yuko majini, atafanya nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka." Niliona ana busara. Nikaandika, "Mama hajambo kabisa." Kwa maneno mengine, nilimkata mama wa watu "ila" yake.

Baada ya majuma matatu alifariki. Simu ya maandishi ilimfikia mwanawe akiwa safarini, mazishi yakiwa yamekwisha. Alirudi miezi minne baadaye. Hakunigombeza. Alitoa aerogramu ile mfukoni, akaikunjua juu ya goti.

"Siku uliyoandika hii, Mama aliweza kuzungumza?"

"Aliweza," nikasema.

"Ilinikuta Durban. Tulikaa bandarini siku nne. Ningalipiga simu pale dukani kwa jirani, wakamwita."

Msomaji wangu, hakuongeza neno, nami sikupata la kusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hiyo kiliniumbua mimi.

Jioni hiyo aliniuliza jambo jingine: "Mdimu ulizaa mwaka huu?" Ndipo nikafahamu kwamba yale niliyokuwa nikiyaacha ndiyo aliyokuwa akiyatafuta katika kila barua. Bei ya unga angeweza kuisikia popote. Habari za mdimu wa kwao angeambiwa na nani, kama si mimi?

Siku hizi aerogramu hazionekani. Vijana hawajui foleni za Extelcoms House, Nairobi, ambako watu walingoja kupiga simu ng'ambo huku wakihesabu dakika kama sarafu. Leo ujumbe hufika kufumba na kufumbua. Lakini je, tunapeleka nini? Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zinaonyesha kwamba mwaka 2023 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4. Hizo ndizo zinazokuja huku. Kutoka huku, aghalabu hutoka maneno ya aina mbili tu: "tuko poa" na "tumekwama, tusaidie". Katikati ya hayo mawili ndimo nyumba yenyewe ilimo, na ndiyo yeye haioni.

Ewe mwanafunzi, unapomwandikia mjomba wako aliye Marekani, usianze na karo. Mwambie mdogo wako ameng'oka jino na amelificha asilione mtu. Mwambie mama amebadilisha mapazia, baba bado anagombana na redio. Nanyi wazazi, mgonjwa akiwapo nyumbani, semeni mapema na mseme ukweli wote: ugonjwa gani, daktari amesemaje, yupo nani kumuuguza. Aliye mbali haulizi kwa sababu anaweza kuponya. Anauliza kwa sababu ni wake. Kumficha ni kumfanya mgeni kwao.

Desturi yetu ya kuamkiana ilikwisha kulitambua hilo zamani. Kwanza twajibu "njema", tusimshtue mtu. Kisha twaweka "ila", tusimdanganye. Anayeachia kwenye "njema" amefanya nusu ya salamu.

Sahibu yangu aliacha bahari mwaka 2009, akafanya makao Rotterdam. Mdimu ule ulikatwa mwaka 2014 nyumba ilipopanuliwa, nami nilimpigia simu siku hiyo hiyo kumweleza. Alikaa kimya, kisha akauliza kama ulikuwa na matunda. Ulikuwa nayo.

Na binti yangu? Nilimwonya kwamba habari ile haikuwa yake kuitoa. Tulikwenda pamoja kwa mama wa msichana, nikamsimulia niliyokusimulia wewe. Alilia kidogo, akajifunga leso, akasema saa ya kuwaona wagonjwa haijapita. Usiku simu ililia Uingereza kutoka kitandani pa nyanya. Naambiwa kwamba bibi huyo, sauti ikiwa chini, hakuzungumzia maradhi hata kidogo. Alitaka kujua kama huko kuna unga wa ugali, na ni nani anayemsonga nywele mjukuu wake.

Mitihani ni mwezi ujao. Nyanya bado yuko wodini. Hiyo ndiyo "ila" ya juma hili, na aliye mbali anaijua.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.