Mkufunzi Afundishe, Mwanafunzi Asifukuzwe

Malaria ya Nchelenge haina likizo. Mwaka mzima watoto wanafikishwa hospitalini kutoka Mununga, Kashikishi na visiwani, viganja vimepauka, pumzi inapanda na kushuka, na muuguzi hana muda mrefu wa kutambua kama mtoto anahitaji kuongezewa damu. Utambuzi huo aliupata darasani. Na katika mkoa huu wa Luapula, hapa Zambia, ambako Mashahidi wa Yehova wamekita mizizi tangu enzi za ukoloni, hakuna mkufunzi wa uuguzi anayeweza kutarajia kwamba somo la damu litapokewa na wote kwa moyo mmoja. Wapo wanaoandika kila neno, na wapo wanaoweka kalamu chini, kwa sababu wamelelewa wakijua kwamba damu ni uhai na uhai ni wa Mungu peke yake.

Je, somo lile ni tusi kwa dini yao? Gazeti hili linasema si tusi. Tunapiga mbiu mapema kwa sababu tumeona chuo cha ng'ambo kilivyolijibu vibaya swali la aina hii, na kwa sababu nchi hii yenyewe imewahi kulijibu vibaya.

Tuanze na la kwetu. Mwaka 1966, huko Mufulira, binti wa miaka 11 alisimamishwa masomo katika Shule ya Msingi Buyantanshi. Hakumtukana mtu wala hakuvunja kitu. Alikataa kuimba wimbo wa taifa na kupigia bendera saluti, kwa kuwa kwao Mashahidi wa Yehova mambo hayo ni ibada, na ibada ni ya Mungu. Shauri likafika Mahakama Kuu, nalo linajulikana hadi leo kama kesi ya Kachasu. Mwaka 1967 Jaji Mkuu Blagden alikubali kwamba binti huyo alikuwa amezuiwa kufaidi uhuru wake wa dhamiri. Alikubali hilo kwa maneno yasiyo na shaka, kisha akaipa ushindi serikali: kanuni zilizomfukuza, alisema, zilikuwa na uhalali kwa ajili ya usalama wa taifa. Taifa lenyewe lilikuwa na umri wa miaka mitatu. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kuamua tangu 1943 kwamba mtoto wa Shahidi hawezi kulazimishwa kusalimu bendera, hata vita vikiwa vimepamba moto.

Watu wazima wa Luapula hawahitaji kusimuliwa yaliyotokea miaka ile. Huko Samfya nyumba za Mashahidi zilichomwa, pamoja na majumba yao ya ibada, na waliochoma waliamini wanaitetea nchi. Hatusemi hukumu ya Blagden ndiyo iliyowasha moto. Tunasema kwamba shule ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo watoto wa nchi hii walionyeshwa kuwa mwenye imani tofauti anaweza kutolewa nje bila mtu yeyote kumuuliza nini kilicho moyoni mwake.

Sasa tuvuke bahari. Mwezi wa Oktoba 2022, katika Chuo Kikuu cha Hamline, jimbo la Minnesota, ambako Wasomali wengi wamefanya makao, mwalimu wa historia ya sanaa, Erika López Prater, aliwaonyesha wanafunzi mchoro wa karne ya 14. Mchoro huo unatoka katika kitabu cha historia cha Rashid al-Din, mwanazuoni Mwislamu wa Uajemi, nao unaonyesha malaika Jibril akimfikishia Mtume Muhammad wahyi. Waislamu wengi wanaona haifai kabisa Mtume kuchorwa, na mwalimu alilijua hilo. Alitoa tahadhari katika mpango wa kozi, akaitoa tena darasani kabla ya kufungua picha, ili asiyetaka kuitazama asiitazame. Mwanafunzi mmoja Mwislamu aliumia, akalalamika. Maumivu yake yalikuwa ya kweli na alistahili kusikilizwa. Lakini uongozi wa chuo ulikitaja hadharani kitendo cha mwalimu kuwa ni chuki dhidi ya Uislamu, na ahadi ya kumpa kozi ya muhula uliofuata ikafutwa. Januari 2023 wahadhiri wenzake walipiga kura, 71 kwa 12, kumtaka rais wa chuo ajiuzulu. Wapo Waislamu waliosimama upande wa mwalimu, wakikumbusha kwamba mchoro ule ulichorwa na Waislamu kwa heshima, na kwamba umma wenyewe haujawahi kuwa na kauli moja juu ya jambo hilo.

Mufulira, mtoto aliadhibiwa kwa kukataa kutamka. Minnesota, mwalimu aliadhibiwa kwa kuonyesha. Ukiyatazama haraka utadhani ni mambo mawili yanayopingana, ila aliyeadhibu ni yule yule: mkuu anayetaka kelele ziishe leo, na anayeona njia fupi ni kumwondoa aliye dhaifu zaidi kati ya wanaohusika. Leo dhaifu ni binti, kesho ni mwalimu wa mkataba. Ndiyo maana tunawaambia ndugu zetu Mashahidi, kwa heshima, kwamba wao ndio wa kwanza wanaopaswa kumlinda mkufunzi wa uuguzi. Fimbo ya kumtoa mtu darasani kwa sababu ya dini wao wanaijua uzito wake.

Kisheria, jibu lipo. Kanuni ya Adhabu ya Zambia, kifungu cha 131, inamshika mtu aliyetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwenzake. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza, kama Tanzania, ambako kifungu cha 129 kinasema jambo lile lile. Mhubiri wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, alihukumiwa huko Morogoro kifungo cha miezi 18 kwa kusema katika mhadhara kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Watu waliingia barabarani Dar es Salaam kumtetea. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikamwondolea hatia: mtu aliyetangaza anachokiamini hajathibitika kwa hilo pekee kuwa amekusudia kuumiza. Kama mhubiri wa mhadhara analindwa hivyo, mkufunzi aliyesimama mbele ya ubao na mtaala wa wizara mkononi analindwa zaidi.

Wako watakaotujibu kwamba Zambia ni taifa la Kikristo. Rais Chiluba alilitangaza hivyo tarehe 29 Desemba 1991, na katiba imeliweka katika dibaji yake. Ni kweli. Lakini katiba hiyo hiyo, ibara ya 19, inakataza mwanafunzi kulazimishwa kupokea mafundisho ya dini isiyo yake. Na ukiwaweka pamoja Mkatoliki, Muadventista, Shahidi na muumini wa Kanisa la Muungano, wote wakiwa wa mwambao huu mmoja wa Ziwa Mweru, ni Ukristo wa nani utakaotumika kupima kosa la mwalimu?

Uhuru wa mkufunzi una mpaka wake, nao hatuufichi. Anayesema mbele ya darasa kwamba dini ya fulani inaua watoto hafundishi tena habari ya damu. Amemgeuza mwanafunzi wake kuwa mfano wa ujinga, na huyo anapaswa kuitwa ofisini. Mwanafunzi naye ana haki zake na wajibu wake. Aruhusiwe kueleza imani yake bila kuzomewa. Akijibu mtihani sawasawa, asilazimishwe kukiri kwamba anaukubali moyoni utaratibu alioueleza. Wodini, akiomba mwenzake atundike mfuko wa damu badala yake, na mwenzake yupo, akubaliwe. Asichoruhusiwa ni kumficha mama wa mgonjwa kwamba tiba hiyo ipo. Na usiku akiwa peke yake, mtoto anazimika, uhai wa mtoto unatangulia dhamiri ya muuguzi. Hilo ni gumu, na aambiwe siku anayojiandikisha chuoni, asije akaligundua akiwa kazini.

Wizara ya Afya, Baraza la Wauguzi na Wakunga, na vyuo vyote vya mkoa, kuanzia vya wauguzi hadi Chuo cha Ualimu cha Mansa, viweke utaratibu ulioandikwa: lalamiko la dini lisikilizwe na watu zaidi ya mmoja, mwalimu ahojiwe kabla ya uamuzi wowote, kusudi lake lipimwe, na asisimamishwe mkufunzi wala mwanafunzi kwa sababu tu mtu ameumia. Uandikwe sasa, kabla ya lalamiko la kwanza kufika. Ukingoja kesi, kila mstari wake utasomwa kama uliotungwa kumtetea au kummaliza mtu fulani, na hakuna upande utakaouamini.