Wanaosomea data wapelekwe zahanati kwanza

Iwapo una mwana au binti aliyemaliza kidato cha nne, huenda amekwisha kukujia na fomu ya chuo akitaka karo ya kusomea hifadhidata au sayansi ya data. Usimkataze. Kazi hiyo ni ya maana na nchi inaihitaji. Lakini kabla hujatia mkono mfukoni, yafaa umuulize swali moja tu: hizo takwimu atakazozisomea zinatoka wapi?

Swali hilo linahusu afya yako wewe msomaji kuliko unavyodhani. Kila unapokwenda hospitalini, jina lako, umri wako, ugonjwa wako na dawa ulizopewa huandikwa. Zamani habari hizo zilibaki katika kadi na daftari kubwa la rejista. Siku hizi nyingi huishia ndani ya kompyuta. Tangu mwaka wa 2011, Kenya imekuwa ikikusanya hesabu za vituo vya afya kote nchini kwa kutumia mfumo uitwao DHIS2, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika afya, kinachopotea si mali bali ni mtu.

Hifadhidata ni ghala la habari zilizopangwa. Mnamo 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alipendekeza habari ziwekwe katika majedwali yanayohusiana, na kila mstari utambulishwe kwa alama isiyofanana na nyingine. Mpango huo ungali unatumika. Hospitalini kuna jedwali la wagonjwa, la maabara na la dawa, na namba ya mgonjwa ndiyo uzi unaoyashona pamoja. Uzi ukikatika, matokeo ya damu yako huenda yakasomwa kwa jina la mwingine.

Darasani jambo hili ni rahisi, kwa maana mwanafunzi aghalabu hufanya mazoezi kwa duka la kubuni ambalo kila mteja ana jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Zahanati haiko hivyo. Bibi mzee asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa tarehe mosi Januari, na wenzake kumi vilevile. Mama huja leo kwa jina la babake na mwakani kwa jina la mumewe. Mtoto mchanga huandikwa "mtoto wa Akinyi" kwa kuwa hajapewa jina. Simu ni moja kwa nyumba nzima, hivyo namba yake haiwezi kumtambulisha mtu mmoja.

Kijana asiyeyajua hayo ataunda mfumo utakaowaunganisha watu wawili kuwa mmoja, au kumgawa mmoja kuwa wawili. Hebu fikiria mgonjwa anayedhurika akidungwa penisilini. Onyo lake limo katika faili ya kwanza, naye daktari amefungua ya pili. Kosa kama hilo halirekebishwi kwa kuzima kompyuta na kuiwasha tena.

Sayansi ya data ina hatari zaidi, kwa sababu humfundisha kijana kuiachia kompyuta uamuzi. Mwaka wa 2019, watafiti walieleza katika jarida la Science habari za programu iliyotumika katika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo ilikadiria gharama za matibabu, kana kwamba aliyetumia fedha nyingi ndiye mgonjwa zaidi. Kwa vile watu weusi hawakupata matibabu sawa na wengine, gharama zao zilikuwa ndogo, na kompyuta ikawaona wazima. Watafiti walionyesha kuwa kasoro hiyo ingeondolewa, sehemu ya weusi miongoni mwa waliostahili msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hesabu zilijumlishwa sawasawa. Kilichokosewa ni maana ya tarakimu.

Usidhani mambo haya ni ya ng'ambo pekee. Bima mpya ya afya ya jamii ilipoanza hapa Kenya mnamo Oktoba 2024, mwajiriwa alikatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara alipaswa kukadiriwa uwezo wake kutokana na majibu kuhusu nyumba na maisha yake. Mama mboga wa Gikomba na mvuvi wa Lamu wote hupimwa kwa kanuni iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi. Je, mtu huyo aliwahi kuketi nao akajua kwamba pato la Jumatatu si la Jumanne? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kazi hii ikifanywa vyema, faida yake ni kubwa. Jijini London mnamo 1854, Daktari John Snow alitembea nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Soho akiuliza waliokufa kwa kipindupindu walikunywa maji ya wapi. Hesabu zake zilielekeza kwenye bomba moja la Broad Street, na mkono wa bomba hilo ukaondolewa. Takwimu zake alizitafuta kwa miguu.

Nasi tunao mfano wetu. Mwaka wa 2001, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, waliweka kompyuta za rekodi za wagonjwa katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret. Walipima kwa saa jinsi wagonjwa na wahudumu walivyotumia wakati wao kabla na baada ya kuziweka. Muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Ujuzi uliopatikana huko ulichangia kuanzishwa kwa OpenMRS mnamo 2004, mfumo ambao umetumiwa katika mataifa mengi.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: chuo chochote kinachofundisha hifadhidata au sayansi ya data kiwapeleke wanafunzi katika chumba cha rekodi cha kituo cha afya kwa majuma kadhaa kabla ya kuwapa cheti. Waketi na karani. Waone foleni ya asubuhi, stima inavyopotea, na muuguzi anavyojaza rejista tano kwa kalamu moja.

Watakaopinga watasema siri za wagonjwa zitafichuka, na hoja hiyo ina uzito. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya miongoni mwa zile nyeti. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kuapishwa kutunza siri na kufanyia mazoezi rekodi zisizo na majina. Isitoshe, ni heri ajifunze kutunza siri angali chini ya mwalimu kuliko aanze siku anapokabidhiwa rekodi za wilaya nzima.

Wewe mzazi, usiridhike na picha ya kompyuta mpya katika tangazo la chuo. Uliza ni nani atakayemfundisha mwanao kutambua takwimu mbovu. Uliza kama atakutana na watu ambao takwimu hizo zinawahusu. Chuo kikikosa jibu, tafuta kingine, maana siku moja wewe mwenyewe utakuwa mstari mmoja katika jedwali la kijana huyo.