Bei ya Mbwa wa Kuwinda

Ndugu zetu wa Kaliua huuliza kama yafaa kununua mbwa aliyekwisha kufundishwa kuwinda. Kumfuga kwa ajili ya windo, mifugo au shamba kumeruhusiwa, na aya ya 4 ya Suratul Maida imehalalisha anachokikamata. Mzozo uko katika bei. Mtume (S.A.W.) alikataza thamani ya mbwa, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwetu Mashafii biashara hiyo ni batili, japokuwa Mahanafi wameijuzisha. Basi tuombe mtoto wa mbwa bure, tumlee na kumfundisha: akitumwa aende, akizuiwa asimame, windo asilile. (Kibali cha serikali nacho ni lazima, na Ugalla, Hifadhi ya Taifa tangu 2019, haiwindwi.) Aliyekwisha kuuza amrudishie mnunuzi fedha yake, hata kama ameitengea ada ya mwanawe.