Veracruz, 1847: Ushindi wa Bei Nafuu?



Ndugu wapendwa, wapo wanaosifu kuzingirwa kwa Veracruz, bandari ya Meksiko, kuwa ushindi wa bei nafuu. Husema kwamba Jenerali Winfield Scott wa Marekani aliuteka mji wenye ukuta na ngome kwa kupoteza askari wachache mno. Mimi nauliza: bei hiyo ilikuwa nafuu kwa nani?

Scott alishusha jeshi lake pwani tarehe 9 Machi 1847, akaufunga mji pande zote. Tarehe 22 mizinga yake ikaanza kuunguruma. Kwa siku chache mji ule ulipigwa kwa risasi na mabomu zaidi ya 6,000, nayo hayakuchagua kati ya askari na mama anyonyeshaye. Robert E. Lee, ofisa aliyekuwa penye mizinga hiyo, alikiri kwa barua kwamba moyo wake uliwalilia wanawake na watoto.

Mabalozi wadogo wa nchi za Ulaya waliomba mapigano yasimame ili raia wa nchi zao, wanawake na watoto watoke. Scott alikataa. Watetezi wake hujibu kwamba alikuwa ametoa onyo mapema, na wenye kutaka kutoka walipewa nafasi. Jibu hilo halitoshi. Onyo halimgeuzi mtoto kuwa askari, wala kuchelewa kuondoka si kosa la kuuawa. Ukuta na ngome vilikuwa vya vita. Jiko na kitanda cha mgonjwa havikuwa.

Mji ulikabidhiwa tarehe 29 Machi. Kisha Scott, ingawa hakuwa Mkatoliki, aliamuru makanisa yaheshimiwe, naye mwenyewe akahudhuria Misa. Ni vema. Lakini kuliheshimu kanisa la mawe baada ya kuwaponda walio hekalu hai la Mungu ni heshima iliyochelewa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 80, ulitamka kwamba kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake bila kubagua ni uhalifu dhidi ya Mungu na mwanadamu. Basi tusiupime ushindi kwa makaburi ya upande mmoja tu. Damu iliyomwagika ndani ya ukuta nayo ina Mwenyewe, naye ataidai.