Gari iliyoinama upande: kipande cha tairi hakiwezi kuokoa abiria

BENI – Kwenye parkingi za Beni, Butembo na Oicha, si vigumu kuona Hiace ao Land Cruiser iliyokaa kama mtu anayebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Upande mmoja uko juu, mwingine uko chini. Shofere anasema ni resori mpya. Makanika anasema itazoea. Abiria wanapanda, magodoro yanafungwa juu, safari inaanza. Mazoea haya yanapaswa kukoma.

Sababu ya kuinua magari inajulikana. Barabara zetu zina mashimo na matope, na mwenye gari anataka kubeba mzigo zaidi. Ananunua resori ndefu na ngumu kuliko zile za kiwandani. Hapo hakuna lawama. Lawama inaanza siku gari inatoka garaji ikiwa imeinama, na dawa inayotolewa ni kipande cha tairi kuukuu kubanwa ndani ya resori, ao bamba moja kuongezwa upande mmoja tu.

Dawa hiyo inaficha kosa, haiondoi. Gari inasimama kwa miguu minne kama meza. Ukiinua pembe moja kwa nguvu, uzito unakimbilia tairi ile na tairi inayoikabili kwa mshazari, na zile mbili zingine zinabaki nyepesi. Siku ya kufunga breki ghafla kwenye mteremko wenye matope, tairi nyepesi ndizo zinateleza kwanza, na gari inavuta upande.

Na yale maneno ya garaji? "Itazoea." Ni kweli kwamba resori mpya inashuka kidogo baada ya siku za kazi, lakini zote mbili zinashuka pamoja, na mwinamo unabaki palepale. "Ni amortisere." Hapana. Amortisere inatuliza mruko wa gari. Uzito unabebwa na resori. Anayeuza amortisere mpya kama dawa ya mwinamo anakula pesa ya mwenzake.

Visababu vya kweli si siri. Magari mengi ya huku yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, usukani uko kuume. Mengine, hasa yale yaliyotumikia mashirika, usukani uko kushoto. Kwa Land Cruiser nyingi, resori za pande mbili hazilingani: moja ni ndefu kidogo, kwa kuwa upande mmoja wa gari una uzito zaidi, na zinauzwa na alama tofauti. Makanika asiyesoma alama, ao anayefunga resori za usukani wa kuume kwenye gari ya usukani wa kushoto bila kubadili pande, asishangae gari ikiinama.

Kisababu cha pili ni silambloki, ile mipira ya kwenye mikono ya tairi. Wengi wanakaza buloni zake gari ikiwa bado juu ya kriki, tairi zinaning'inia. Gari ikishushwa, mpira unajikunja na kuzuia upande ule usishuke vizuri. Dawa yake haina gharama: legeza buloni, shusha gari juu ya tairi zake, isukume mbele na nyuma, kisha kaza.

Kwenye Hiace nyingi, mbele hakuna resori ya kuzunguka. Kuna chuma kirefu kinachojikunja, na kimo cha gari kinarekebishwa kwa buloni. Wengine wanakaza buloni ya upande ulioshuka mpaka macho yaridhike, bila kuchunguza kama kosa liko nyuma, kwenye mabamba yasiyolingana hesabu.

Kazi nzuri inaanza na metre. Gari isimame mahali tambarare, bila mzigo, tairi zote zikiwa na hewa inayolingana. Pima kutoka katikati ya jante mpaka ukingo wa bodi juu yake, tairi zote nne, na uandike. Anayekataa kupima anakisia tu, na hapaswi kulipwa kama fundi.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Magari mengi ya mzigo na ya abiria, Hiace na Hilux zikiwemo, yana kifaa nyuma kinachogawa nguvu ya breki kwa kutazama umbali kati ya ekseli na bodi. Gari ikishuka, kifaa kinajua kuna mzigo, kinaongeza breki ya nyuma. Ukiinua nyuma na kusahau kukirekebisha, kitaamini gari ni tupu hata ikiwa imejaa watu. Breki ya nyuma itapungua wakati ule ule inapohitajiwa zaidi. Mipira ya breki nayo inaweza kuvutika, na mataa kuelekea macho ya wanaokuja mbele.

Nani analipa? Mwenye gari analala nyumbani kwake. Anayelipa ni mama mhami anayetoka Eringeti ao Mambasa na watoto na sufuria, ambaye hana nafasi ya kuchagua gari. Amekimbia risasi, asije kufia kwenye shimo la barabara kwa ajili ya kipande cha tairi.

Kwa hiyo wenye magari wadai vipimo vinne kwenye karatasi kabla ya kulipa garaji. Vyama vya mashofere vikatae gari iliyoinama isipange foleni parkingini. Wale wanaosimamisha magari barabarani kwa kuuliza makaratasi wainame pia kutazama chini ya gari. Na abiria, mkiona gari imeinama ikiwa bado tupu, mwulizeni shofere sababu. Nauli mnayolipa inawapa haki ya kujibiwa.